Kifurushi Kizito, Sehemu ya Tisa

Katika bonde zima la San Fernando, mwaka ule wa themanini na saba, hakukuwa na mtu aliyezipa filamu za watu wazima majina makali kumshinda Lyle Ostrander. Aliyesema hivyo ni Lyle Ostrander mwenyewe, tena bila kuulizwa, hata akiwa kwa daktari wa meno na mdomo umejaa pamba.

"Filamu haiuzwi na uchi," alikuwa akisema. "Uchi kila mtu anao kwake. Inauzwa na jina."

Siku moja bosi wake, Araksi Tabakian, mama mwenye sauti ya mkwaruzo, alimpa kanda mpya aitafutie jina. Ilikuwa ya tarishi wa posta anayegonga mlango, anakaribishwa ndani, na mengine mnayajua. Watu walishatoa za fundi bomba, za muuza maziwa na za mleta piza mpaka wateja wakakinai. Lyle akakuna kidevu, akaandika: "Kifurushi Kizito, Sehemu ya Tisa."

Araksi akavua miwani. "Nane za kwanza ziko wapi?"

"Hazipo, mama. Lakini mtu akiona tisa, anajua nane zimependwa. Nani ataziulizia?"

Ili kuongeza utamu, akamrudisha mwigizaji wa tarishi, Buck Delmonte, arekodiwe mlangoni akisema maneno machache zaidi: "Tangu yale ya Fresno, sipeleki kifurushi mchana." Maana yake haikuwepo. Lyle hakuwahi kufika mji wa Fresno hata kwa kupotea njia.

Kanda zikanunuliwa kama njugu. Lyle akatembea kifua mbele, akanunua na kofia ya kufanana na kifua hicho. Kisha simu zikaanza kulia. Wenye maduka ya kukodisha kanda, kuanzia mji wa Bakersfield mpaka Tacoma, walitaka kujua jambo moja tu: Fresno kulitokea nini?

"Wanataka nane za kwanza," Araksi akamwambia. "Umeziahidi wewe, zitunge wewe."

"Mama, mimi ni mtu wa majina."

"Haya, jina lako sasa ni mtunzi."

Shida ikawa Fresno. Ili tarishi auogope mchana, ilibidi apoteze kifurushi. Ili akipoteze, ilibidi awe na adui. Adui akawa mkuu wa posta, na mkuu wa posta akawa na mke mgonjwa, na mke akawa na siri. Walipofika sehemu ya nne, Buck alilia machozi ya kweli mbele ya kamera, akakataa kuvua suruali kwa sababu tarishi alikuwa na msiba.

Araksi alizitazama zote nane mpaka mwisho. "Lyle, humu hakuna aliyevua hata kofia."

"Nimeweka kidogo sehemu ya sita."

"Nimeona. Wako mazishini."

Hata hivyo ziliuzwa kuliko zote. Lyle akajua ni nguvu ya jina tu, akaenda kwenye duka moja la kanda mtaa wa Reseda akajionee. Nyuma ya pazia, zinakokaa filamu za aina hiyo, hakuzikuta. Zilikuwa mbele kabisa, kati ya kanda za mapishi na za bustani, na bibi mmoja wa makamo aliyevaa sweta alikuwa akirudisha sehemu ya nane.

"Hiyo nimeitunga mimi, bibi," Lyle akasema, akivua kofia.

Bibi akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Ni wewe, mwanangu? Mume wangu chakula hakishuki mpaka ajue yule tarishi kafikia wapi. Walipoanza kuvua nguo kule mazishini tulienda kuchemsha chai, tuliporudi walikuwa wameshamaliza. Lakini hayo mambo ya posta, jamani, matamu."

"Na jina? Jina umelionaje?"

Bibi akageuza kasha. Juu ya jina palibandikwa plasta nene ya vidonda, na juu ya plasta mtu ameandika kwa kalamu: POSTA.

"Hilo tulilificha, mchungaji huwa anakuja kwetu Jumapili," akasema. "Mwenye duka akalipenda letu."

Lyle akatazama rafu. Kanda zote tisa zilikuwa na plasta.