Mtambo Usiopiga Hodi

Mkomani, Amu (Lamu).

Kwa Bwana Mugambi,
Mkuu wa Mitihani ya Mtandaoni,
Chuo Kikuu cha Masafa, Nairobi.

YAH: MTAMBO WENU KUMSINGIZIA MJUKUU WANGU KUWA ALISAIDIWA

Bwana Mugambi,

Assalaam aleikum. Kama salamu hii si yako, basi hujambo, na habari za huko kwenye baridi, maana sitaki kuanza kwa utovu wa adabu kama ulivyoanza mtambo wenu.

Mimi ni Mwanatumu binti Nabhan, bibi yake Safaa, mwanafunzi wenu wa ualimu wa mwaka wa tatu. Mwezi uliopita Safaa alifanya hapa nyumbani mtihani wa somo la Kufundisha kwa Teknolojia, kwa kompyuta, huku mtambo wenu ukimtazama kupitia kamera ili asiibe. Sasa mtambo umetoa ripoti kwamba aliiba, nanyi mmezuia matokeo yake. Bila matokeo hayo hataruhusiwa kuanza mazoezi ya kufundisha kule Mokowe Jumatatu ijayo, na shule imeshamtengea darasa. Mlimpa nafasi ya kujieleza, naye akajibu maneno matatu tu: "Nyumbani kuna watu." Ndiyo maana naeleza mimi. Malalamiko yangu ni haya.

1. Mtambo haukupiga hodi. Kabla ya mtihani ulimwamuru Safaa aizungushe kompyuta ili uone pembe zote za ukumbi ninamolala. Ukaona kitanda changu, dawa zangu za presha na kanga zangu kwenye kamba, nami sijajitanda. Bwana Mugambi, mgeni wa kiume katika nyumba hii huishia dakani, pale kwenye viti vya mawe mlangoni, akaletewa kahawa. Hata fundi wa umeme husubiri hapo mpaka tujiweke sawa. Mtambo wenu ulikwenda moja kwa moja hadi kitandani.

2. Mliagiza mtahiniwa awe peke yake katika chumba kilichofungwa mlango. Nyumba yetu ni ya zamani, vyumba vimefuatana na kati yake tumetundika mapazia. Milango inayofungika ni miwili: wa nje na wa choo. Safaa, kwa utiifu wake, alianzia chooni, kompyuta juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mtambo ukasema mwanga hautoshi. Basi akarudi ukumbini, mahali ninapokaa tangu nilipoletwa bibi harusi. Sikumfuata mimi. Yeye ndiye aliyenikuta.

3. Ripoti yasema Safaa alitazama kushoto kila mara. Kushoto nilikuwa mimi. Mtoto aliyelelewa hawezi kukaa na bibi yake asubuhi nzima asimtupie jicho. Angefanya hivyo, barua hii ningemwandikia mamake.

4. Ripoti yasema palisikika sauti. Ya kwanza ilikuwa adhana, na muadhini si mwanafunzi wenu. Ya pili ilikuwa ya punda wa Hamdun, ambaye hajasoma. Ya tatu ndiyo iliyoleta balaa, nawe isome kwa utulivu.

Safaa alikuwa ametukanya tusitoe sauti. Nikanyamaza. Jirani yetu Bi Razan akaja na mkate wa sinia, akaita mlangoni, "Hodi! Hodi nyumba hini!" Sikuitika. Akaita tena, na mara ya tatu. Maishani mwangu sijawahi kusikia hodi nikakaa kimya, na nilijiona natenda dhambi. Mtaani kwetu, nyumba isiyoitika hodi ya tatu ina maiti ndani. Bi Razan akaangusha sinia, akawaita wenzake, na punde si punde wanawake wa mtaa mzima wakaingia wakilia. Wakaniona nimekaa wima nimefumba mdomo, wakazidi kulia. Mmoja akamkumbatia Safaa mbele ya kamera akimpa pole. Hao ndio mliowaandika "kundi la wasaidizi."

Sasa nakuuliza, Bwana: mtu aliyeacha kuitika hodi, akaliliwa angali hai, yote kwa kulinda kanuni zenu, huyo ndiye atakayemnong'oneza mtoto majibu?

5. Mimi mwenyewe nimeandikwa "mtu asiyetambulika." Hili limeniuma. Uliza kuanzia Langoni mpaka Mkomani, na ukiwa na nafasi vuka hadi Pate. Isitoshe, mtu huyo asiyetambulika hajui Kiingereza, na siku hiyo miwani yake ilikuwa kwa fundi. Angesaidia nini?

6. Mtambo unadai kuijua nia ya mtu kwa kumtazama macho. Kwa tunavyojua sisi, hiyo ni kazi ya Mwenyezi Mungu peke yake. Sitaki kulikuza jambo, ila imamu nimeshamwambia, naye ameahidi kulitia kwenye hotuba ya Ijumaa.

Kwa hayo, naomba kwa heshima matokeo ya Safaa yatolewe kabla ya Jumatatu. Naomba pia mtambo uje uombe radhi, kwa sauti, ukiwa dakani. Halafu wewe na kamati yako mje mfanye mtihani wowote nyumbani kwangu, kila mmoja peke yake nyuma ya mlango uliofungwa. Ndoo tunayo. Bi Razan na wenzake watapiga hodi, tuone nani kati yenu atanyamaza.

Bwana Mugambi, mtoto huyu masomo yenu ya kurekodiwa aliyasikiliza muhula mzima huku akinikanda miguu. Sasa kompyuta ameifunga kwa kanga na kuiweka juu ya kabati. Chakula anakigusagusa tu. Akipita mbele yangu hutabasamu, na najua kuna jambo ananificha ili nisiumie. Nampenda sana, na inanichoma kusikia anaitwa mwizi.

Nisalimie mkeo, wahadhiri wote, wafagiaji wa ofisi yako, na hata huo mtambo, kwani sisi salamu hatumnyimi mtu.

Ni mimi ninayengoja haki, ukumbini, mahali pangu pa siku zote,

Bi Mwanatumu binti Nabhan.
(Safaa hajui kuwa nimeandika.)

Tanbihi: Nilisahau jambo. Mtakapofungua matokeo, liangalieni swali la nane, lile la mwanafunzi anapotoweka kwenye darasa la mtandaoni, mwalimu afanye nini kwanza. Nililisoma vizuri kwenye kioo cha kompyuta, kwani miwani niliyoazima kwa Bi Razan yanifaa kuliko yangu, na Kiingereza cha masomo yale nimeshakizoea kwa kukandwa miguu. Nikamwambia Safaa ajibu (b), ampigie simu mama wa mtoto. Nilimwambia kwa upole, tena na tena. Akanigeukia machozi yakimlengalenga, akasema nimwache: "Bibi, niwate, nakuomba. Mtihani ni wangu." Akajibu (a), amtumie ujumbe kwenye mfumo. Kama jibu ni (a), mpeni mtoto alama yake, ni yake peke yake. Kama ni (b), alama hiyo ni yangu, naomba mniwekee.