Kituo cha Basi Mbele ya Magodoro Yangu

Jumatatu, 3 Machi
Hasira! Asubuhi gari la halmashauri limepita na kipaza sauti: katikati ya mji wetu patapangwa upya, wakazi wote tunaombwa maoni. Leo ndiyo wanatukumbuka! Walipochimba mtaro mbele ya duka langu la magodoro hawakumwuliza hata paka. Lakini kuna jambo. Kituo cha basi kinahamia mtaani kwetu, na kitakaa ama upande wangu ama upande wa Kinyozi, ng'ambo ya barabara. Abiria wakishukia kwangu, nimeokoka. Wakishukia kwake, nifunge duka nikalale, godoro ninalo. Kinyozi ameshaanza kufagia mbele kwake. Tangu tujuane sijawahi kumwona na ufagio.

Jumanne, 4 Machi
Mkutano, ukumbi wa shule. Nimevaa koti. Nimeandaa hotuba nzito, nimeikariri mbele ya kioo. Kumbe hakuna hotuba! Mpangaji wa mji, binti mdogo mwenye miwani mikubwa, katugawia karatasi na kalamu za rangi, eti tuchore mji tunaoutaka. Mimi! Na mvi zangu! Nimechora kituo cha basi, kimetoka kama kabati. Mama mkwe kachora choo cha umma, ukumbi mzima ukampigia makofi. Damu imenichemka. Kisha binti akasema michoro haitoshi: kesho na keshokutwa atakaa mtaani atazame watu wanapenda kukaa wapi, maana miguu haidanganyi. Hapo nikatulia. Miguu ninayo mingi, ukoo wa mke wangu ni mkubwa.

Jumatano, 5 Machi
Nimetoa viti vyote nje. Nikatandaza magodoro kibarazani, nailoni nimezivua. Maji baridi, bure. Nimemwita shemeji, kaka wa mke wangu, ambaye kazi yake pekee duniani ni kuegemea. Nikamwambia leo kipaji chake kimepata soko. Kaja na wenzake, wameegemea kweli kweli. Kinyozi kuona hivyo, akatoa redio nje na kuifungulia hadi mwisho. Mshenzi! Nikaongeza mito. Mama mkwe alipita akasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Nimemwunga mkono kabisa. Kinyozi atatumbukia tu.

Alhamisi, 6 Machi
Watu kibao! Wazee, wauza vocha, akina mama na vikapu vyao. Hata mteja wa Kinyozi kavuka barabara, nusu kichwa kimenyolewa, kitambaa bado shingoni, akajilaza kwangu. Binti wa miwani anaandika mpaka mkono unamuuma. Upande wa Kinyozi ni peupe kabisa. Mke wangu amenuna: hatujauza hata foronya, na anayetaka kununua hapati pa kukanyaga. Nikamwambia biashara ni subira. Akaniuliza subira inapikwa na nini. Hana maono huyu.

Jumamosi, 8 Machi
Wamenimaliza! Mchoro umetundikwa ukumbini. Kituo kimeenda kwa Kinyozi. Sababu? Upande wake hauna watu, basi litasimama bila kumsumbua mtu. Na kwangu? Bustani ya mapumziko! Mabenchi, miti, kibaraza kiwe cha umma, marufuku kuweka bidhaa nje. Ndani ya duka ni giza tupu. Godoro lisipotoka nje nani atalijua? Nikasimama, nikapiga kelele kwamba hakuna anayependa kukaa pale, watu wote niliwaleta mimi! Binti akauliza kwa upole kama ni kweli. Shemeji akanyanyuka, akaapa kwamba yeye alikuja kwa mapenzi yake. Ukumbi ukaangua kicheko, mwalimu mkuu akafuta machozi. Mke wangu hakucheka. Njiani aliniambia duka lile ndilo linalosomesha watoto wetu. Roho imeniuma. Halafu nikamkumbuka Kinyozi alivyokenua, hasira ikarudi yote.

Jumatatu, 10 Machi
Binti ametoa wiki moja ya pingamizi, na atakuja kuutazama mtaa upya. Nimempata! Alfajiri nimevusha viti, mito na magodoro yote, nikayatandaza mbele ya Kinyozi. Watu wapumzike huko, bustani imwangukie yeye, kituo kirudi kwangu. Kinyozi mwenyewe kanisaidia kubeba, tena anapiga mluzi. Mjinga! Kufika adhuhuri kwake pamejaa, watu wamejinyoosha wakingoja zamu ya kunyolewa, wengine wamesimama hadi barabarani. Dukani kwangu hakuna godoro wala mteja. Mke wangu hasemi nami. Jioni Kinyozi kaniomba kesho nimwongezee magodoro. Namwongezea, tena yale manene ya futi sita. Ataipata!