Mkubwa Kati Yetu

Jumatatu, 4 Machi
Nisamehe, daftari. Sijakugusa tangu mtoto aanze kuota meno. Nikishika kalamu analia, nikiiweka analala. Leo imebidi. Kidoti anaondolewa nchini! Rafiki yangu tangu dawati moja, alipokuja mgeni hajui Kiswahili hata cha kuomba ruhusa ya kwenda chooni, nikawa namsemea. Kibali cha baba yake kimekwisha, familia nzima irudi kwao. Atabaki tu akiwa na ndugu wa damu hapa.
Ndugu nimempata. Mimi.

Jumanne, 5 Machi
Mpango: baba mmoja, mama mbalimbali. Tumefanya mazoezi huku nikifua nepi. Jina la bibi, kovu la Baba, anavyokoroma. Kidoti kasema hapendi uongo. Nikamwambia ashike nepi upande huu, akamue.
Nimesahau kumwarifu Baba.

Jumatano, 6 Machi
Mama kayasikia kwa jirani. Hakuuliza kama ni kweli. Alimuuliza Baba huyo mwanamke ni nani. Baba, fundi saa, mtu asiyepandisha sauti, kaapa mpaka sauti imekauka. Nikaeleza yote. Mama kasema amenielewa, ila Baba alale kitini kwanza, maana aliapa haraka mno.

Ijumaa, 8 Machi
Uhamiaji. Tulihojiwa mmoja mmoja, mtoto mgongoni kwangu. Bibi, sawa. Kovu, sawa. Kukoroma, sawa. Nikaanza kuwaza godoro la Kidoti litakaa wapi. Mwisho ofisa akauliza mkubwa ni nani. Hilo hatukulifanyia mazoezi. Nikasema ni yeye. Tangu shuleni namwita dada, ana akili kunizidi. Kumbe naye kanitaja mimi. Ananiita dada tangu nijifungue.
Ofisa akatuita pamoja. "Kila mmoja ana dada mkubwa," akasema, "na mdogo hayupo." Hakucheka. Akagonga muhuri wa kukataa.
Nje nilimuuliza Kidoti kwa nini hakujitaja mwenyewe.
"Ningekuwaje mkubwa wako?" akasema. "Wewe ndiye uliyenipa mdomo."
Nilimfunga mtoto upya, ingawa alikuwa amefungika vizuri.

Jumapili, 10 Machi
Ameondoka. Nilimkataza kulia mbele ya mtoto, kisha nikalia mimi. Chumba kikubwa ghafla. Mtoto anautazama mlango. Nimemwambia aache, haachi.

Jumatatu, 11 Machi
Nimeamka na mpango! Kosa letu lilikuwa ukubwa. Safari hii tutakuwa mapacha. Mapacha hawana mkubwa. Mama kaniuliza, na aliyetangulia kutoka je? Nimemwambia asianze.
Nimemwandikia Kidoti atume haya, upesi:
Picha ndogo, masikio yaonekane.
Urefu wake, bila viatu.
Cheti cha kuzaliwa. Tarehe nitaishughulikia mwenyewe.
Sweta la mtoto lililoingia begini mwake. Kama aliliingiza kusudi, akae nalo.
Na sauti yake, kwa simu, akiimba ule wimbo wa kumlaza mtoto. Wote, mpaka mwisho. Nikiimba mimi hakubali.