Mtandao Uliopanda Basi la Inyonga

Maneno yalianzia kwa wauza vitenge pale sokoni Mpanda, na mama yeyote mwenye mtoto aliyefungua ofisi akishayasikia hayamtoki kichwani. Kwamba mjini kaingia kijana anayeweza kuichukua video ikiwa Inyonga, nzima nzima, akaishusha Mpanda kabla chai haijapoa, bila basi wala bodaboda. Wengine walisema ni utaalamu. Wengine walisema huyo kaaga kwao vizuri, ana dawa. Aliyesema ni mwongo hakuwepo, na hapo ndipo penye hatari, wazazi wenzangu.

Kijana mwenyewe aliitwa Dulla. Kabla ya maneno hayo kazi yake ilikuwa kuuza makava ya simu stendi. Makava hayakutoka sana; maneno ndiyo yalitoka. Asubuhi moja, akiwa amekaa na makava yake, akamwona mama mmoja wa makamo anagombana na Zablon, konda wa basi la Inyonga. Dulla akasogeza kigoda. Ugomvi wa watu wazima ni darasa la bure, na yeye darasa jingine alikuwa halipendi.

Mama huyo ni Pelagia, mwenye ofisi ya kupiga picha na video za sherehe kule Majengo. Ofisi yake ilikuwa imekua kuliko alivyojipanga. Alikuwa na tawi Inyonga, anakopiga kijana wake Amedeus, na lingine alikuwa analifungua Mamba. Sherehe moja inajaza diski nzima, lakini kazi ya kuzikata na kuzipamba video inafanyika Mpanda. Kwa hiyo diski inafungwa kwenye gazeti, anapewa Zablon, inasafiri katikati ya ndoo za asali. Siku nyingine inafika. Siku nyingine inafika kesho yake, inanata. Kompyuta ya Inyonga ina kipaimara cha juzi, ya Mpanda ina cha mwezi jana, na wateja wanapiga simu.

Kesho yake Dulla akachomekea shati, akaazima begi la laptop lenye laptop ndani, akaenda Majengo.

"Shikamoo mama. Mimi ni Injinia Dulla, natokea Dar."

"Marahaba," Pelagia akajibu, akamwangalia miguuni. "Dar ya wapi hiyo yenye vumbi jekundu?"

"Nimeanzia kwa wateja, mama. Nyie ndio wa mwisho, na ndio wakubwa."

Neno wakubwa lilimwingia Pelagia, tusifichane. Akampa kiti. Dulla akampiga picha moja kwa simu, akagusa kidogo, na sura ya Pelagia ikatokea kwenye kompyuta ya ofisi, imekunja uso vilevile. Sasa jambo hilo, la kuweka vitu mtandaoni na kuvifungulia kwingine, ni la kweli, na hutolewa bure kwa yeyote anayejiandikisha. Hilo la bure Dulla hakulitaja. Alimfungulia Pelagia akaunti palepale, Pelagia akachagua namba ya siri mwenyewe na kuiziba kwa mkono asiione mtu, kisha Dulla akataja bei ya mwaka mzima kwa sauti ya upole, kama daktari anayemwambia mtu habari ya figo.

Akaomba kianzio. Mpango wake ulikuwa kianzio, halafu basi la Tabora.

Pelagia akasema kianzio hatoi. Mwisho wa mwezi kulikuwa na harusi kubwa. Send-off ya bi harusi ni Ijumaa kwao Inyonga, sherehe yenyewe ni Jumamosi Mpanda, na ndugu wa bwana harusi walitaka kuiona send-off ukutani, ukumbini, huku wanakula.

"Ikionekana, nakulipa mwaka wote kwa mkupuo," akasema. "Isipoonekana, jina langu mji huu limekwisha. Na wewe sitakuacha mzima."

Mtu mwingine angeaga. Lakini ile hela ya mkupuo ilishamkaa Dulla kichwani na ilikuwa imeanza kununua vitu. Akakubali, na kwa mara ya kwanza maishani akajaribu kufanya kazi kweli. Alisafiri mpaka Inyonga, akanunua bando, akaipandisha video ya harusi moja ya zamani. Mstari ukatambaa kama kinyonga mgonjwa. Bando likaisha bi harusi hajatoka ndani.

Akarudi stendi, akamwona Zablon.

Kuanzia hapo, mtandao wa Injinia Dulla ulikuwa na tairi sita. Amedeus aliambiwa kwamba kuna kifaa kimefungwa kwenye kompyuta, na kila jioni lazima kiende Mpanda kikapimwe joto. Kifaa kilikuwa diski ya kawaida, Dulla kaikopa. Asubuhi Zablon anamkabidhi, Dulla anaenda Majengo, anawatoa watu wote ofisini kwa sababu ya mionzi, anahamisha video, halafu anafungua mlango taratibu na kutangaza kwamba zimeshuka. Pelagia huko nje alikuwa anasubiri kwa adabu na kikombe chake. Nauli ya diski alilipa Dulla. Soda ya Zablon alilipa Dulla. Makava yalikwisha yote kwa bei ya hasara.

Ikafika Jumamosi ya harusi. Mchana Zablon akapiga simu: basi limekata springi porini, kwenye mvua, fundi hajulikani atatokea wapi. Dulla akahisi mwaka wake mzima unamponyoka. Akakodi bodaboda kwa hela ya mwisho, akaifuata diski huko huko, akaivalisha mfuko wa rambo na kuifunga tumboni kama mtoto. Kurudi walianguka mara kadhaa. Diski haikuguswa na tope. Tope lote alilipokea yeye.

Alipoingia ukumbini, bi harusi wa Inyonga alikuwa tayari yuko ukutani, anacheza, shangazi zake nyuma wanampepea na vitenge. Ndugu wa bwana harusi wanatafuna na kushangilia. Katika ukumbi mzima, mtu pekee aliyeshangaa kwamba mtandao unafanya kazi alikuwa Injinia.

Pelagia akamfuata mlangoni.

"Umechelewa, mwanangu. Mtandao umekata springi?"

Dulla akaanza kuifungua diski tumboni.

Pelagia akamweleza bila hasira. Zablon alikuja kumuuliza siku ya kwanza kabisa amempata wapi tajiri wa kumlipia nauli. Pelagia akamwambia anyamaze, apokee. Kuhusu send-off, Amedeus alikata vipande vizuri tu, akaifanya video iwe nyepesi, akaipandisha kidogo kidogo kwenye ile akaunti. Nyepesi inapita. Zile nzito zitaendelea kupanda basi kama kawaida.

"Na hela yangu, mama?"

"Ya nini? Kama ni ya mtandao, Amedeus kasoma maelezo ya akaunti, ni bure. Kama ni ya basi, mtu wa basi ni Zablon, na ulishamlipa mwezi mzima, nakushukuru. Lete hiyo diski, ina video kamili. Halafu nawa, ukae ule pilau."

Dulla akanawa. Alikula sahani mbili, akaondoka kwa miguu.

Sasa nyie mliofungulia watoto ofisi, si kila mtu ana Zablon. Epukeni haya:

Fundi anayekuonyesha picha moja ndogo, halafu anakuuzia video kubwa.

Kutoa kianzio kwa mtu ambaye hujui analala wapi.

Kununua kitu kabla hujauliza kama kinatolewa bure.

Fundi anayekutoa nje ya ofisi yako mwenyewe.

Kumtajia mtu namba ya siri, hata akiwa na begi.

Kubaki na nakala moja, iwe ya diski au ya mtandaoni.

Kuitwa wakubwa.