Sungura wa Klabu ya Mbio na Kiu

Jumatatu, 4 Julai 1955

Hili sijamwambia mtu, wala mama yangu mzazi: sijapata kushinda mbio zozote tangu nizaliwe. Shuleni bara nilikuwa mshika viatu. Wenzangu wakikimbia, mimi nimekaa kivulini na jozi kumi na mbili mapajani. Lakini mwezi uliopita Bwana Pima, yule Mwingereza anayepima barabara, aliniuliza kwa Kiingereza kama nakimbia. Nikajibu, kwa Kiingereza, kwamba nilichukua kombe. Sijui lilitoka wapi. Mimi huyu, ambaye nikiamkiwa na watu watatu kwa pamoja natazama kucha zangu! Ndiyo maana humu naandika Kiswahili. Kiingereza nimeshakichafua.

Basi Bwana Pima ana klabu. Jina lake Klabu ya Mbio na Kiu. Watu wazima wanakimbia porini bila kufukuzwa na chochote. Mmoja, anayeitwa sungura, hutangulia akidondosha vipande vya karatasi. Wengine huvifuata mpaka baraza ya Bwana Pima hapa Utende, wakanywe. Bia kwa wenye bia, sharubati kwa sisi. Jumamosi hii ni mbio kubwa za mwaka. Anaziita za kiangazi, kwa kuwa kwao sasa ni joto. Hapa ni kipupwe na Bibi analala na mablanketi mawili.

Nafasi ya kijana wa kisiwa ni moja tu. Tunaitaka wawili: mimi na binamu yangu Jabir, ambaye anakimbia kweli. Nataka kukaa kwenye baraza ile na gilasi yangu, nisichungulie kutoka uani. Hilo tu. Si makuu.

Mpango: nimejitolea kuwa sungura. Sungura hashindani na mtu! Anatoka mapema, anatembea zake. Bwana Pima amekubali. Wakifika wote salama, nafasi ni yangu. Wakipotea, ni ya Jabir.

Mimi ni hodari, basi tu sisemi.

Jumanne, 5 Julai

Bwana Pima kanipa gunia la ramani alizozikosea, nizichane. Alasiri nimefanya mazoezi nyuma ya nyumba. Nimedondosha, nimepinda kona, nimegeuka kuitazama kazi yangu. Mbuzi saba wa Mzee Hemedi wanakuja kwa mstari, wakila. Hawakupotea hata kona moja! Nikafurahi: njia yangu inafuatika. Halafu nikakumbuka gunia nililoliacha wazi mwanzo wa njia.

Nimekwenda kushtaki. Mzee Hemedi akauliza kama mimi ndiye niliyewalisha mbuzi wake makaratasi. Nikamwamkia shikamoo ya pili, nikaondoka.

Alhamisi, 7 Julai

Jabir keshajua. Amepita akaniuliza, "Ee sungura, mbuzi wamelala salama?" Kisha akajinyosha viungo mbele ya mlango wetu, akinyanyua mapaja kama kuku aliyekanyaga makaa. Nimemchungulia dirishani. Mapaja ni mazuri, kwa bahati mbaya.

Karatasi hakuna Utende nzima. Kumwomba Bwana Pima nyingine ni kumwambia habari ya mbuzi. Afadhali kufa.

Usiku huu nimepata akili! Ghalani mna sanduku la marehemu Babu, limejaa barua: alizoletewa, na nakala za alizoandika mwenyewe. Kiswahili, ila kwa herufi za Kiarabu, kama walivyoandika wazee. Bibi hajui kusoma. Hajalifungua tangu Babu atutoke. Mimi nimesoma kadhaa: mialiko ya harusi, salamu kutoka Bwejuu, habari ndefu za punda mgonjwa. Aya hata moja hamna. Mistari ya Bismillahi juu ya kila barua nimeikata kwa mkasi, nikaiweka juu ya kabati, pahali pa heshima. Nina adabu zangu.

Zilizobaki nimechana. Mapakacha mawili, pomoni! Na karatasi za zamani ni ngumu, mbuzi watashindwa.

Ijumaa, 8 Julai

Bibi ameuliza kama katika hiyo kiu mna tembo la mnazi. Nikamwambia mna sharubati. Akasema sharubati haihitaji kukimbiliwa, angenitengenezea hapa hapa. Hanielewi.

Jumamosi, 9 Julai

Asubuhi nimeweka njia kutoka Kiegeani mpaka Utende, kati ya minazi, nikipinda kwa ustadi. Kazi safi. Saa mbili wakimbiaji wakaanza kule. Mimi nikakaa ukingoni mwa baraza ya Bwana Pima kuwangojea.

Saa tatu, kimya. Saa nne, kimya. Mpishi akaniuliza kama wageni wameghairi. Saa tano nikasikia sauti, lakini si za Wazungu. Ni kasida!

Wakatokea watoto wa chuo, thelathini hivi. Mbele yao Mwalimu Mfaume, aliyenifundisha Kurani, kajitwika ungo uliofunikwa kitambaa cheupe. Kando yake Bi Chiku wa Kiegeani, upindo wa kanga umejaa vipande vya karatasi. Nyuma kabisa Wazungu wanne, Bwana Pima mmojawao, wekundu kama kaa wa kuchemsha. Na Jabir, viganja vyote viwili vimejaa.

Nikaelewa kabla sijaambiwa. Mimi mjinga! Nani hapa kisiwani ataona herufi za Kiarabu mavumbini apite? Tangu utoto tumefunzwa: inua, busu, weka juu. Waliokwenda kisimani wakainua. Waliokwenda shamba wakainua. Kisha mtu akamkimbilia Mwalimu, naye akafunga chuo, wakaokota kipande kimoja kimoja, kona zangu zote za ustadi, mpaka hapa mlangoni. Wakimbiaji hawakuona kitu. Waliuzunguka mnazi mmoja mara tatu, mwisho wakafuata sauti za watoto. Na Jabir, mwenye mbio zake, kila akiona kipande kilichosazwa alisimama akaokota.

Mwalimu akauweka ungo mezani. Bia zikaondolewa upesi. Akauliza ni nani aliyeyamwaga maandiko njiani.

Nikatazama kucha zangu.

Jabir akakitazama kipande mkononi mwake. Mkono wa Babu anaujua kama ninavyoujua mimi. Nikajua nafasi imekwenda. Akasema, "Ni ya nyumbani kwetu, Mwalimu. Tusamehe." Tusamehe! Yeye hakuchana hata kimoja.

Mwalimu akavaa miwani, akasoma kipande cha juu: "Na punda hajambo kidogo, ila majani bado anayakataa." Akachukua kingine: "Msisahau kuja na mikeka yenu, yetu imetafunwa na panya." Mabega yakaanza kumtikisika. Akakohoa, akajikaza, akatoa hukumu: kesho baada ya alasiri, mimi na Jabir, kwa uji wa muhogo, tugandishe zote. Zote!

Bwana Pima alipofasiriwa mambo akapiga meza kwa furaha. Alisema amekimbia mbio katika nchi nyingi na hajapata kuona njia inayojifagia yenyewe. Nafasi zimekuwa mbili. Sharubati yote wamekunywa watoto, nikapewa maji. Lakini nimekaa! Nusu saa, juu ya kiti, gilasi mkononi. Sikumtazama mtu. Raha iliyoje.

Jumapili, 10 Julai

Tumegandisha tangu alasiri, hapa kwetu, Mwalimu akisimamia. Jabir ana vidole vya haraka kuliko miguu yake. Nilitaka kumshukuru; nikamsogezea bakuli la uji. Akasema, "Haya, yaishe."

Bibi akaja kusimama nyuma yetu. Nikangoja fimbo. Mwalimu akamsomea moja iliyokwisha kukauka: posa yake mwenyewe, Babu akimwandikia baba yake Bibi kwamba amemsikia binti akicheka nyuma ya ukuta na hajalala tangu siku ile. Bibi akakaa chini. Akasema miaka yote alidhani barua zile ni mambo ya kuuza mbata za nazi. Akacheka, akajifuta kwa ushungi, akataka isomwe tena. Sasa anataka nimsomee barua moja kila siku mpaka ziishe. Mimi nasoma herufi hizo tangu nina miaka saba. Hakuna aliyeniomba, nami sikuwaza kumsomea.

Kwa hiyo kuchana kwangu kumeleta heri. Nayaandika haya ili nisije nikajilaumu bure.

Jingine, dogo. Mwalimu alipokwisha kuondoka, Bwana Pima alipita. Mbio zijazo zitakuwa kisiwani Bwejuu, na klabu inahitaji mtu wa kuwavusha kwa ngalawa. Aliuliza kwa Kiingereza kama namjua nahodha. Nikasikia kinywa changu kikimwambia kuwa nimeshinda mashindano ya ngalawa, miaka miwili mfululizo. Mimi natapika ngalawa ikiwa imefungwa! Lakini hakuna neno. Bwejuu ni mwezi ujao. Nina mpango, na safari hii hauna kasoro: nitakwenda kwa—

Kuna hatua uani. Viatu, si makubadhi. Na kitu kizito cha mti kinaburutwa. Jabir anacheka, anauliza kwa sauti kama nahodha anahitaji kasia moja au mawili. Bwana Pima anasema upepo mzuri, twende tukajaribu sasa hivi.

Wako mlangoni. Naficha daftari—