Nimemwacha Bi Mdogo

Jumatatu, 3 Juni

Mama mkwe kapiga simu asubuhi, mswaki ukiwa mdomoni mwangu. Mke wangu na mtoto wanarudi Jumapili kutoka kwake, alikokwenda kujifungulia. Binti yangu! Tangu azaliwe nimemshika mara moja tu, tena kwa muda wa kupiga chafya, kabla mama mkwe hajanusa hewa na kumchukua. Leo karudia: mikono yenye moshi haishiki mjukuu wake. Sawa. Naacha sigara. Nimeshaacha! Pakiti iliyobaki nimeiweka juu ya kabati kwa ajili ya wageni.

Jioni hakuja mgeni. Nikajikaribisha mwenyewe.

Jumanne, 4 Juni

Kuacha ni rahisi, tatizo ni watu. Pale kwenye karakana yetu ya fanicha mambo yote huamuliwa nyuma ya stoo ya mbao, wanapokutana wavutaji. Tunapaita Bungeni. Msimamizi wetu ndiye Spika. Sigara yenyewe tunaiita bi mdogo. Mtu akikwambia anakwenda kumsalimia bi mdogo, unamfuata na kiberiti. Leo asubuhi sikwenda. Nilibaki napiga msasa miguu ya meza kama yatima. Waliporudi, ule usimamizi msaidizi ninaoutamani siku zote ulikuwa umeshaanza kumnukia Msumeno! Msumeno, anayekoroma hata akiwa macho! Mtu ambaye droo zake hazifungi mpaka uzipige teke!

Mchana nikaenda na sigara isiyowashwa, kwa heshima tu. Spika akaniuliza ni mwanamume gani anamshika bi mdogo mkono halafu hamwoi. Wakacheka mpaka wakakohoa. Nikawasha. Ningefanyaje? Mkubwa ni mkubwa.

Jumatano, 5 Juni

Akili ni nywele, na zangu leo zimesimama. Kama siwezi kuacha kwa sababu yao, basi waache wao! Nikapanda juu ya rundo la mbao nikawahutubia. Mapafu yetu! Wake zetu! Watoto wetu! Machozi yalinitoka, ingawa labda ni vumbi la msumeno. Ajabu, Spika akaunga mkono hoja. Wa kwanza kuapa akawa Msumeno. Lazima ana lake jambo yule. Sote tukatupa pakiti zetu kwenye pipa la takataka.

Kwa furaha nikamtumia mke wangu ujumbe kwamba nimemwacha bi mdogo, na kuanzia leo ni yeye na mtoto tu. Hajajibu. Bila shaka analia kwa furaha.

Alhamisi, 6 Juni

Loo! Si kwa furaha.

Mama mkwe kapiga simu kabla sijafunga viatu. Kauliza bi mdogo ni nani, anakaa wapi, na kama nimezaa naye. Nikamweleza kuwa bi mdogo ni sigara. Akasema amesikia wanaume wakiwaita wanawake majina mengi, lakini sigara ni jipya. Mke wangu hataki hata kuisikia sauti yangu. Jumapili hawaji. Niende mimi, tena na mashahidi.

Kichwa kikawaka moto. Nikakimbilia pipani kutafuta pakiti yangu. Pipa tupu! Nikaenda nyuma ya jenereta: Spika yuko pale, anafuka. Vyooni: moshi unapita juu ya kila mlango. Kila niliyemkuta alinieleza kuwa yupo pale kuhakikisha wengine hawavuti. Msumeno sikumkuta popote. Mjanja huyo, ana maficho kutuzidi sote. Spika akanipa moja ili nifunge mdomo. Nikaufunga nayo.

Jumapili, 9 Juni

Nimekwenda ukweni na Spika na Msumeno. Shati jipya, marashi nusu chupa, karafuu mdomoni. Karibu na geti woga ukanishika, tukavuta moja mimi na Spika. Msumeno akatangulia, eti moshi unampa kizunguzungu. Maigizo matupu.

Sebuleni mama mkwe akawauliza mashahidi kama wanamjua bi mdogo. Spika, mtu wa vikao, akasimama akasema wanamjua vizuri sana, ni wa wote, hukutana naye kila siku nyuma ya stoo, na siku ya mshahara huwa naye mpaka jioni. Mke wangu akashika kichwa. Ikabidi nipige magoti, nichomoe pakiti mfukoni mwa Spika, niibwage mezani: bi mdogo huyu hapa! Mke wangu akaitazama ile pakiti, akaanza kucheka, akacheka mpaka mtoto akaamka.

Nimesamehewa! Nikanyoosha mikono. Mama mkwe akasogea, akavuta pumzi. Wanasema mavi ya kale hayanuki. Hawajakutana na pua ya mama mkwe, tena yangu hata ya kale hayakuwa. Akamnusa Spika, akakunja uso. Akamnusa Msumeno. Akamnusa tena. Akampa mtoto.

Msumeno! Kumbe tangu Jumatano hajavuta hata moja, tena kwa sababu ya hotuba yangu! Binti yangu akalala begani kwake kama yuko kwao. Mimi nimesimama mlangoni na mikono mitupu. Niliumia, sitaficha. Mke wangu akasema atarudi nyumbani siku mikono yangu itakaponuka mbao tu.

Jumatatu, 10 Juni

Nimetafakari. Kosa ni la marashi, yalikuwa hafifu. Halafu wao wamesema mikono. Hakuna aliyetaja glavu! Nimeazima zile za kupakia vanishi. Bungeni nikaomba nimuage bi mdogo kistaarabu, maana hata yeye ana haki yake. Nimemuaga. Baada ya chakula nikamuaga tena.

Sasa nimeacha kabisa, na safari hii ukoo mzima ushuhudie. Nimeandika kwenye kundi letu la simu: ndugu zangu, bi mdogo amefariki, nimemzika leo nyuma ya stoo.

Baba mkubwa ameuliza mbona hakualikwa kwenye harusi. Shangazi yuko njiani, analia. Nimetoka nje kidogo nifikirie cha kuwajibu. Kiberiti nimekiweka wapi?