Ubao wa Tatu Mtumbwini

Jumatatu, 9 Juni
Nafasi ya mwalimu wa hesabu ni moja, tunaoigombea wawili: mimi Mathayo na Odete, anayefundisha tuisheni jirani na mimi hapa Chikongola. Ijumaa tunafundisha mbele ya Mwalimu Mkuu, Bi Mwanahamisi. Kazi hii lazima niipate!
Leo nimechungulia darasa la Odete. Kaandika sehemu: juu x mraba toa tisa, chini x toa tatu. Kawaambia watoto ni fankisheni: kila namba inayoingia hutoa jibu moja tu, ila tatu haiingii, maana chini panakuwa sifuri. Uzembe! Kata juu na chini, inabaki x jumlisha tatu. Weka tatu, unapata sita. Nikamweleza. Akanijibu kwamba kukata hakuzibi tundu. Maringo hayo!

Jumanne, 10 Juni
Nimepata mpango! Kule Ruvuma inakoingia baharini, Bi Isabel huwavusha wavuvi wa kaa kwenda mikokoni. Watu hubanana mtumbwini, lakini ubao wa tatu haukaliwi. Ushamba uleule wa Odete. Nitaukalia, nipigwe picha, niionyeshe Ijumaa.

Jumatano, 11 Juni
Nimeukalia! Bi Isabel alinisihi nihame, akasema hapo si pa mtu. Nikacheka. Jua kali, ubao wa baridi. Katikati ya mto ndege wakanyamaza, kasia likawa halitoi sauti. Niliogopa, sifichi.
Tulipofika Bi Isabel akawahesabu abiria, akapiga yowe, akaanza kuchungulia majini. Nikamwambia nipo hapa. Hakugeuka. Nimerudi kwa miguu, peku. Picha nayo: mtumbwi umetoka vizuri, ubao wa tatu mtupu. Simu za Mchina hizi!

Ijumaa, 13 Juni
Nimefundisha kwelikweli! Hakuna hata aliyekohoa. Nilipomaliza, Bi Mwanahamisi akatazama saa, akauliza kama kuna habari yoyote ya Mathayo. Nami nimesimama mbele yake! Nikapaza sauti. Akalalamikia upepo, akafunga dirisha. Kazi kapewa Odete. Roho imeniuma. Fitina tupu.

Jumapili, 15 Juni
Nyumbani kuna matanga. Nauliza nani kafariki, sijibiwi. Bi Isabel kaleta viatu vyangu, anadai mto umenichukua. Mzushi! Odete naye, mkekani, anamwambia mama nilikuwa na akili ila sisikii la mtu. Kunisengenya hata msibani!
Mama analia huku akilitaja jina langu. Nimempangusa machozi. Akajikunyata, akaomba khanga nyingine. Hapo hata mimi nililia.
Lakini sikati tamaa. Kesho nitamtangulia Odete darasani, nianze tu kufundisha. Wa kunizuia simwoni.